Gari la kwanza lenye moto wake: namna ya kulichagua bila kugombana na trafiki

Mpwa wangu alipata leseni yake ya daraja D akiwa na miaka 22, na wiki haijaisha akanitumia tangazo saa sita usiku: "Altezza namba D, injini haijafunguliwa, kipupwe cha kufa mtu, rimu za sport, kadi mkononi, bei maongezi." Chini yake akaandika, "Anko, unaonaje?"

Sikumjibu usiku ule. Mimi mwenyewe nilianza na Altezza, RS200 ya gia sita, nikiwa na umri kama wake. Nilikaa nayo miezi minne. Mkanda wa taimingi ulikatika nikikaribia Chalinze, valvu zikakutana na pistoni, nikarudi Dar nimekaa kwenye lori la kuvuta magari, dereva wake ananihesabia gharama kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Aliyeniuzia alikuwa ameniapia kwamba mkanda ni mpya. Risiti sikumwomba, maana nilishapenda.

Haya ndiyo niliyomwambia mpwa wangu asubuhi yake, na kwa mpangilio huohuo. Ninazungumzia Dar, na magari ya mtumba kutoka Japani, kwa sababu ndiyo tuliyonayo.

Hatua ya kwanza: gawanya hela kabla hujaangalia picha

Ukiwa na milioni 15, huna gari la milioni 15. Una gari la milioni 11, labda 11 na nusu. Inayobaki ni ya bima, ya kuhamisha kadi, ya tairi nne, na ya ule ugonjwa ambao kila mtumba huuficha mpaka wiki ya pili. Kijana aliyemaliza hela zote kwa dalali ndiye utakayemkuta anakimbiza gari la kasi kwa tairi zenye kipara.

Halafu piga hesabu ya mafuta kwa njia yako mwenyewe, usitumie ya tangazo. Chukua mtu anayekaa Mbezi na kufanya kazi Posta: kwenda na kurudi kama kilomita 50, siku 26 kwa mwezi, jumla 1,300. Gari dogo la cc 1500 kwenye foleni zetu likienda kilomita 12 kwa lita, ni lita 108. Subaru ya tabo ikienda 7, ni lita 186. Tofauti ni lita 78 kila mwezi. Zidisha kwa bei kikomo ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, halafu jiulize kama mshahara wako unaijua hiyo hesabu.

Hatua ya pili: uzito kwanza, cc baadaye

Hapa ndipo nilipobishana na mpwa wangu siku mbili nzima. Kijiweni, gari la kisport hupimwa kwa cc, kwa tabo na kwa mlio wa eksozi. Mimi nasema raha ya usukani iko kwenye wepesi. Vitz RS ina uzito wa kama tani moja na nguvu farasi zipatazo 110. Mark X ina nguvu karibu maradufu, lakini inabeba tani moja na nusu. Ndani ya makazi kibao kinasema 50. Kwa mwendo huo, Mark X bado imelala, na ili uisikie inaamka ni lazima uvunje sheria. Kigari chepesi cha manuali kwenye gia ya pili, kwenye mzunguko wa barabara au kona za Pugu, kinakupa raha yote na trafiki anakutazama tu unapita.

Kwa hiyo orodha yangu ilianza na Vitz RS, hasa ya kizazi cha pili, ya 2005 hadi 2010. Injini yake ni 1NZ-FE, cc 1496, inatumia cheni na siyo mkanda, na ni ileile iliyojaa kwenye IST za 1.5, Runx za kawaida, Probox na Succeed. Maana yake ni kwamba fundi yeyote wa chini ya mwembe anaijua, na spea utazipata Gerezani kabla chai yako haijapoa. Hii ndiyo ninayompa kijana bila kusita.

Ya pili ni Suzuki Swift Sport. Ile ya msimbo ZC31S, ya 2005 hadi 2010, ina injini ya 1.6 yenye farasi 125, nayo ni ya cheni. Kwenye kona inaipita Vitz, na sibishani na mtu juu ya hilo. Shida yake ni kwamba bampa na vitu vya ndani vya Sport si vya Swift ya kawaida. Ukigongwa kidogo tu, utasubiri spea kutoka nje. Tena injini hii kule kwao inanyweshwa petroli ya daraja la juu.

Honda Fit RS ya msimbo GE8, iliyotoka kati ya 2007 na 2013, ina cc 1500 na farasi 120. Ukiipata ya manuali, shika. Ile ya CVT, yaani aina ya otomatiki, inataka mafuta yake maalumu ya gia, na wapo mafundi wanaomimina yoyote yaliyopo karakana kisha wanakuambia gia za Honda ni mbovu.

Runx Z Aerotourer ni kitu kingine kabisa. Injini ya 2ZZ-GE, farasi 190 kutoka cc 1800, gia sita, na uhondo wote umekaa juu ya mizunguko 6,000. Nimeiendesha mara moja na bado naiota. Lakini si gari la kwanza: injini hiyo ni adimu, na wengi wanaoiuza walishaikamua.

Altezza? Kama roho inakataa nyingine zote, tafuta AS200 ya silinda sita, farasi 160, uiache RS200 kwa watu wenye karakana nyumbani. Jua kwamba zote mbili ni za mkanda, na za mwisho zilitoka 2005, kwa hiyo hakuna Altezza changa. Pia inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Mvua ya kwanza ya masika inaposhusha vumbi na oili ya miezi mitatu barabarani, mkia wake huwa na mawazo yake.

Forester ya tabo na Impreza WRX niliziondoa kwenye orodha. Si magari mabaya. Ni magari yanayotaka oili kwa wakati, fundi anayeyajua kwelikweli, na mwenye gari anayejua kungoja. Kijana wa miaka 22 ana kimojawapo?

Na manuali au otomatiki? Manuali, kama mguu wako wa kushoto hauna tatizo. Kuiuza baadaye ni kazi kidogo, kwa kuwa wengi wanataka oto, lakini hiyohiyo ndiyo sababu utaipata kwa bei nafuu.

Hatua ya tatu: uagize au ununue hapahapa?

Watu wanadhani cc ndizo zinazopandisha kodi. Hesabu inasema vingine. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa gari la zaidi ya cc 1000 hadi 2000, na 10 kwa lililozidi hapo. Gari lililofikisha miaka minane linaongezewa asilimia 15, na lililopita kumi linaongezewa 30. Juu ya vyote hivyo inakaa VAT ya asilimia 18.

Sasa chukua gari ambalo TRA wamelithamini kwa shilingi 100 likifika bandarini. La cc 1500 na changa chini ya miaka minane litafika karibu 155. Lilelile likiwa limepita miaka kumi, linagonga 199. Likiwa la zamani hivyo na la cc 2500, ni kama 206. Umeona? Cc elfu moja zaidi zimekugharimu shilingi saba tu, lakini uzee umekugharimu 44. Na hapo bado tozo ya reli na ada ndogondogo. Viwango hivi huguswa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo kabla hujatuma hela Japani ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, weka aina, mwaka na cc, usome mwenyewe.

Magari ninayoyapendekeza mengi yameshapita miaka kumi, ndiyo maana namwambia kijana anunue lililokwishasajiliwa hapa. Namba C au D iliyotunzwa vizuri mwenzako ameshailipia uzee wake. Ukiagiza hata hivyo, dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kule Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. Herufi R maana yake liligongwa likatengenezwa. Kwenye kile kimchoro cha bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa.

Hatua ya nne: karatasi kabla ya bati

Usiguse boneti kabla hujashika kadi. Kadi halisi, siyo picha ya simu. Jina lililo kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Akisema gari ni la "bro yupo safari", mwambie utasubiri bro arudi. Tazama kama kuna jina la benki au taasisi ya mikopo kama mmiliki mwenza. Likiwepo, gari bado liko rehani hata kama funguo unazo mkononi.

Kisha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia faini. Faini moja ni 30,000, na nimewahi kukuta gari lina faini kumi na moja, zote za mwendo, jambo lililonieleza tabia ya muuzaji kuliko maneno yake yote. Bima iangalie kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima, usiridhike na maneno ya muuzaji.

Cha mwisho kwenye karatasi ni rangi, namba ya injini, namba ya chesisi na cc. Kilichoandikwa kifanane na kilichosimama mbele yako. Injini ikibadilishwa au rangi ikipigwa nyingine, TRA wanatakiwa wajue na kadi ibadilike. Magari ya kisport ndiyo yanayobadilishwa injini kuliko yote, na atakayeulizwa kituoni ni wewe.

Hatua ya tano: lichunguze likiwa baridi

Tulikwenda yadi moja Kinondoni kuangalia Vitz RS nyekundu. Tulikubaliana kukutana saa tatu, tukafika saa mbili na robo kwa makusudi. Nikaweka kiganja juu ya boneti: moto. Dalali alikuwa ameshaliwasha, na injini iliyopashwa haikuonyeshi moshi wa asubuhi wala haigongi vile inavyogonga ikiwa imelala.

"Mzee karibu, hiyo ni RS kabisa, mashine," akasema.

Nyuma kulikuwa na herufi za RS zinazong'aa kuliko gari lenyewe. Mpwa wangu tayari alikuwa amekaa ndani, mikono kwenye usukani. Nikachungulia tairi za nyuma katikati ya rimu. RS ina diski nyuma. Hii ilikuwa na ngoma. Nikafungua boneti nikasoma kibati cha modeli: KSP90. Hiyo ni Vitz ya cc 996, ile ya silinda tatu. RS ya kizazi hicho huandikwa NCP91. Nikaomba kadi, na kadi nayo ikasema 996, wazi kabisa, kwa yeyote ambaye angejisumbua kusoma. Herufi za RS zinauzwa Kariakoo kwa bei ya chipsi mayai.

"Anko, lakini limekaa vizuri," mpwa wangu alisema tukiwa tunatoka. Nilimnunulia maji ya madafu.

Ukishajua gari ni lenyewe, pita hivi. Fungua mfuniko wa oili: ukiona utando kama maziwa, maji na oili vimekutana, ondoka. Fungua rejeta injini ikiwa baridi: maji yenye rangi ya kutu ni dalili kwamba limekuwa likinyweshwa ya bomba badala ya kulanti. Uliza kama themostati ipo. Kuna mafundi wetu wanaoitoa gari likichemsha, wanadhani wametibu. Chungulia chini uone kama masega ya eksozi, yale ya kusafisha moshi, yapo, maana yana soko na wengi huyauza. Chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa, uipitishe kwenye milango na juu ya tairi. Isiposhika, chini ya rangi kuna pati.

Zungusha ufunguo bila kuwasha. Taa zote za dashibodi ziwake, zikiwemo ya injini na ya erbegi, kisha zizimike baada ya injini kuwaka. Taa ambayo haiwaki kabisa inatisha kuliko inayowaka, kwa sababu kuna mtu amekaa akaitoa.

Tairi zina tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nne za majina manne tofauti zinakuonyesha mmiliki aliyekuwa akinunua moja moja kadiri zilivyopasuka.

Hatua ya sita: liendeshe kwenye njia yako, siyo ya dalali

Dalali atakupeleka kwenye lami laini, mtaa mmoja, kushoto, kushoto, umerudi. Kataa. Omba dakika 40. Pita kwenye matuta, pita kwenye vumbi, kaa kwenye foleni kipupwe kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho, na macho yako yawe kwenye mshale wa joto. Zima redio. Shokapu zilizokufa na bushi zilizoliwa zinapiga kelele zenyewe, ndiyo maana watu wanauza gari na muziki mnene.

La manuali lina jaribio moja la haraka: simama, vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini izimike. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha. La otomatiki, kanyaga breki uweke D. Likichelewa au likipiga kishindo, hiyo ni hela yako inabisha hodi.

Likipita yote hayo, mlipe fundi wako, siyo wa yadi, alipandishe na kulisoma kwa mashine. Na kama ni la mkanda, usisikilize habari za mkanda mpya. Tenga hela uubadilishe wiki hiyohiyo.

Hatua ya saba: mkataba, kadi, bima

Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, hela zipite benki, na uhamisho uanze TRA mara moja: TIN yako, nakala za vitambulisho, picha za wote wawili, kadi halisi. Usikae na gari lenye jina la mtu mwingine hata mwezi. Akifanya kosa la kikodi au akifariki, utajuta.

Kuhusu bima: ndogo inatosha kisheria, lakini inamlipa uliyemgonga, siyo wewe. Kama gari limechukua akiba yako yote, kata kubwa angalau mwaka wa kwanza. Muulize wakala swali hili kwa maneno haya: "Dereva wa umri wangu mwenye leseni mpya akipata ajali, yeye anachangia kiasi gani?" Mikataba mingi ya bima ina kipengele kinachomuongezea mzigo dereva kijana. Na usikubali bima iandikwe kwamba dereva ni baba wakati anayeendesha kila siku ni wewe. Siku ya ajali kampuni itauliza nani alikuwa kwenye usukani.

Ukishalipata: nini ubadilishe, nini uache

Pedi nzuri za breki, tairi nzuri, shokapu nzima: weka, hakuna atakayekuuliza. Kukata springi ili gari lilale, usithubutu; matuta ya Morogoro Road yatakung'oa sampu, na gari lililokatwa springi linayumba kwenye kona badala ya kushika. Ving'ora, vimulimuli na namba za kuinuka wanazoziita 3D, polisi wamekuwa wakivikamata. Tinti nzito ya mbele inakufanya usimamishwe kila kituo, na usiku inakunyima wewe mwenyewe kuona bodaboda isiyo na taa.

Kukimbizana barabarani ni kosa, hata saa nane usiku na hata kama barabara ni nyeupe. Ukiwashwa sana, nenda ukaangalie rali. Mashindano ya magari yana utaratibu wake na yapo chini ya AAT, chama cha magari cha Tanzania, na huko utakutana na watu watakaokufundisha kukata kona vizuri kuliko mtandao wowote.

Mpwa wangu hatimaye alipata NCP91, nyeupe, manuali, ya dada mmoja wa Tabata aliyekuwa na risiti zote kwenye bahasha ya kaki. Wiki ya kwanza tulimwaga oili, ya injini na ya gia, tukabadilisha plagi, maji ya rejeta, mafuta ya breki na tairi mbili za mbele. Herufi za RS nyuma zilikuwa zimeshabanduka, imebaki alama ya gundi. Nilimwambia asizirudishe.